Shati ya Lusenge Kila Siku ya Posho

Mimi naitwa Kahongya, na mudomo yangu haijuake kunyamaza. Hata padri wetu wa Kipese anajua. Kama mutu anatafuta habari tamu, aende kwa mwingine. Hii ni habari ya yaya yangu Kasika, dada yangu mukubwa, na bwana yake Mwalimu Maliro, siku saba zenye nilikaa kwao Vulamba, mwezi wa kumi, mwaka wa elfu mbili na mbili. Wakati ule vita ilikuwa inakula batu upande wa Ituri, na sisi huku Butembo tulikuwa tunaizungumuzia kama mvua: leo imekaribia, leo imeenda mbali.

Mwalimu alifundisha kalasi ya tatu miaka makumi tatu na tisa, halafu balimuambia apumuzike. Retraité, njo vile banamuita. Pension yenyewe, feza ya kupumuzika, hakuiona hata na macho, lakini hiyo haikushangaza mutu. Mimi kilichonishangaza ni kwamba alipumuzika bila kupumuzika. Kila asubui ananyoa ndevu, anavaa shati yenye kupigwa pasi na kravati, anachukua malete yake, mukoba ya ngozi, ile ya zamani ya kubebea makaye, daftari za batoto, anaenda mpaka parokia, anakaa kwa benchi, saa ine anarudi kushika jembe. Kufanya nini kule? Hakuna. Na ile malete hakuna mutu alikuwa anaigusa. Nilimuchokoza siku moja: shemeji, unafichaka nini humo, zahabu ya Lubero? Aliniangalia tu, akaisukuma chini ya kitanda.

Yaya naye alikuwa na kazi yake. Kila siku ya posho, njo Jumamosi, anatoa shati nyeupe ya mutoto wao Lusenge, anaifua na sabuni, anaianika chini ya paa kwa sababu mvua haiishi, halafu anatia makala ndani ya pasi na anaipiga mpaka kola inasimama. Anaitundika kwa musumari, karibu na sanamu ya Bikira. Posho inayofuata, tena vile vile. Hakuna mutu alikuwa anaivaa.

Lusenge alikuwa mutoto wao mwanaume mumoja tu. Dada zake tatu baliolewa mbali. Alikuwa anapakiza maharagi kwa kinga, baiskeli yake, anateremuka Beni, anapita mpaka Eringeti na mbele kidogo, anarudi na mafuta ya mawese. Mwezi wa munane 1999 alisema anaenda siku kumi. Sasa ilikuwa miaka tatu na miezi mbili. Bibi yake Solange alirudia na mutoto wao kwa bazazi wake Beni, na kulikuwa mwalimu mumoja kule, anaitwa Jephté, mutu mwenye heshima, mwenye alitaka kumuoa. Lakini bwana mwenye hajazikwa angali bwana. Solange hakuweza kusonga mbele wala nyuma.

Kwetu, mutu akipotea na mwili haionekani, tunazika mugomba. Tunakata shina ya ndizi, tunaipima urefu wa ule mutu, tunaivika nguo yake yenye haijafuliwa, yenye jasho yake ingali ndani, tunailalisha kwa shimo na tunamulilia. Jasho njo inamuita arudi kwa batu yake. Bila jasho, umezika ndizi tu. Na ile nguo, ni mama yake anaitoa na mukono yake mwenyewe. Mama akikataa, hakuna matanga. Yaya Kasika alikuwa amekataa mara mbili. Njo juu ya hiyo muzee Kasonia, kaka mukubwa wa Mwalimu na kichwa ya jamaa yote, alinitumia habari mpaka Kipese: Kahongya, wewe uko na mudomo, enda umuambie yaya yako akubali.

Nilifika siku ya kwanza. Mvua ilinipiga tangu Kipese, viatu ilikuwa mukononi juu ya matope. Niliweka chini gunia ya viazi, nikasema niko hapa. Yaya akasema karibu. Mwalimu akasema karibu. Balisema kama batoto ya kalasi banasoma ubaoni. Saa kumi na moja tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo, unasikia meno tu. Risasi ikalia mbali, mara tatu, mara ine. Mimi niliruka, sahani nusura ianguke. Yaya na bwana yake, hata kichwa hawakuinua. Mwalimu alisogeza chumvi karibu na bibi yake.

Mwaka wenye ulipita, basoda, askari wa vita, balikuja kuchukua mbuzi yao. Yaya aliniambia alibashikia mulango. Nikamuuliza, ulibashikia mulango, batu benye kuiba mbuzi yako? Akajibu kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Nilikasirika mpaka nikakosa la kusema, na kwangu hiyo ni jambo kubwa. Huyu yaya yangu, zamani tukiwa basichana, alipiga kijana mumoja na mwiko mbele ya soko yote juu alikanyaga nyanya zake. Sasa nilikuwa naangalia mutu mwenye kukaa mahali yake, na yeye hayuko.

Siku ya pili tulienda kupalilia maharagi. Shamba yao iko kando ya njia ya Beni. Kila mutu akitokea upande ule na kinga ao na muzigo, yaya anasimama, anajipangusa mikono, anaenda kando ya barabara. Anauliza bila haraka, kama mutu anauliza ni saa ngapi: hamukuona kijana mwenye kofia ya sufu ya bluu? Ile kofia aliifuma yeye mwenyewe, na Lusenge hakuitoaka kwa kichwa, hata kwa misa mpaka padri amukazie macho. Alienda nayo mpaka Eringeti kwenye joto, mama yake alimugombeza bure. "Sura batu banaisahau," yaya aliniambia. "Lakini kofia ya sufu kwa joto ile, hawawezi kuisahau."

Bote balisema hapana, mama. Akasema aksanti, akarudi kwa maharagi. Na kila mara akienda kuuliza, Mwalimu alikuwa anaacha jembe, anaenda kunywa maji kwa kibuyu. Nilihesabu mara ine. Nikasema moyoni, huyu muzee ana kiu.

Siku ya tatu tulienda soko kutafuta mafuta. Tulikuta Apollinaire. Alikuwa rafiki ya Lusenge, balisukuma kinga pamoja njia hiyo hiyo myaka mingi, na mimi nilimujua tangu anakuwa na pua ya makamasi. Alikuwa anapima mafuta. Akatuona. Akaacha kikombe ndani ya bidon, akamuambia jirani amuangalilie bintu, akaingia kwa batu, akapotea. Nikamuuliza yaya, ulimutukana? Akasema hapana, anafanyaka vile tangu zamani, labda ni haya juu yeye alirudi na mwenzake hakurudi. Nilitaka nimufuate nimushike sikio. Yaya akanivuta kitenge, akasema tuende, mvua inakuja.

Siku ya ine ilinyesha tangu asubui, njo mudomo yangu ikafunguka. Tulikuwa ndani, yaya anachambua mbegu, Mwalimu kwa mulango anatia mupini mupya kwa jembe. Nilianza pole pole, kama Kasonia alinifundisha: Solange ana miaka makumi mbili na sita, mutoto wake anauliza, mwenye kufa bila kuzikwa anazungukaka. Yaya alikuwa anatupa mawe madogo upande huu, maharagi upande huu. Nikaona maneno yangu inaanguka chini kama yale mawe. Basi hasira ikanishika. Nikamuambia kwamba hata Mungu anachoka kumuangalia. Nikamuambia kwamba ile shati anafulia hewa.

Nililia mimi mwenyewe, juu nilisikia haya. Lusenge alikuwa mutoto wangu pia. Alikuwa ananiita mama mudogo na ananibebea muzigo bila kutumwa. Yaya alingoja nimalize kulia. Akanipatia upande ya kitenge yake nijifute, halafu akarudi kwa mbegu.

"Sawa," akasema. "Muambie Kasonia aje siku ya posho."

Njo ile tu. Nilitumwa kutafuta hii neno, nikaipata, na sikufurahi. Na kwa mulango Mwalimu alijipiga kidole na nyundo, damu ikatoka. Alifunga kidole na kipande ya kitambaa, akaendelea na mupini.

Siku ya tano Solange akafika kutoka Beni. Barrière tatu, vizuizi vya njiani, na kila mahali basoda banamuuliza anaenda wapi. Alibaambia anaenda kuzika bwana yake, bakamuacha apite. Alipiga magoti mbele ya mama-mukwe wake. Yaya akamuinua, akamupikia chai, akamuuliza kama matope ya Beni ni mingi. Hakukuwa chuki, nasema kweli. Hakukuwa pia mapendo. Kasonia na kijana wake Paulin balichimba shimo nyuma ya nyumba, karibu na miti ya kahawa, na bakachagua mugomba yenye kunyooka. Padri wa parokia alikuwa ametuma neno kwamba yeye hakuona mugomba, anaona mukristu mwenye alipotea, na atakuja kusema sala saa tano. Tulicheka kidogo, Kasonia na mimi. Ilikuwa kicheko ya kwanza kwa ile nyumba tangu nilifika.

Posho ikafika. Kiwingu ilikuwa imekaa juu ya Vulamba, huoni hata nyumba ya jirani. Batu ya jamaa balikaa kwa lupango, ndani ya ua, mugomba ilikuwa imelala juu ya mukeka, imepimwa tayari. Mwalimu alivaa kravati. Kasonia akasimama, akasema kwa heshima: mama wa mutoto, tupatie nguo yake.

Yaya akaingia ndani. Akatoka na ile shati nyeupe juu ya mikono mbili, vile padri anabeba Ekaristia. Kola imesimama. Mikunjo imenyooka. Kasonia akaipokea, akaileta kwa pua yake, halafu akaangalia chini. Akamupatia Solange. Solange akanusa, naye akaangalia chini. Ilikuwa inanuka sabuni na makala. Ndani yake hakukuwa Lusenge hata kidogo.

Kasonia akauliza kama kuko ingine: suruali, blanketi, hata kitambaa. Yaya akasema suruali alizifua, blanketi alizifua, shuka alizifua. Alifua yote, kila mara, ili mutoto akirudi akute bintu safi. Nilifanya hesabu kwa kichwa: posho mia moja na zaidi ya makumi sita. Mama alikuwa amemutoa mutoto wake pole pole ndani ya ile shati, na sabuni, na mukono yake mwenyewe, juu ya kumupenda.

"Basi hakuna matanga," yaya akasema. "Si mimi. Mutaona wenyewe, si mimi nimekataa."

Na akatabasamu. Kidogo tu. Mimi njo ndugu yake, nalijua lile tabasamu tangu tuko tunaiba sukari ya mama yetu. Naamini alijua. Siku ya ine alisema sawa juu alijua hakuna kitu ilibakia na jasho, na kwamba posho inayofuata atatia tena makala ndani ya pasi. Nilimukasirikia, na papo hapo nikamuonea huruma. Solange alikuwa amekaa chini, mikono juu ya magoti, anaangalia mugomba. Hakulia. Alikuwa kama mutu mwenye kufika kwa bureau na kuambiwa arudie mwaka kesho.

Batu bakaanza kuinuka. Kasonia akasema tutaona na padri. Njo wakati ule Mwalimu akasema mukae. Aliingia ndani. Alitoka na malete.

Aliifungua juu ya magoti yake. Kufuli ilikuwa na kutu, ilibidi aipige na kidole chake chenye kidonda. Ndani hakukuwa makaye wala zahabu. Kulikuwa sasheti ya nailoni yenye kufungwa mara mbili, na ndani ya sasheti, kofia ya sufu ya bluu. Ilikuwa na udongo mwekundu upande mumoja, na kitu ingine nyeusi yenye sitaki kutaja.

Mwalimu akaongea na bibi yake peke yake, kama sisi wengine hatuko. Alisema Apollinaire aliileta mwezi wa kumi, mwaka ule ule wa tisini na tisa. Yeye na Lusenge balikutana na basoda mbele ya Eringeti. Apollinaire alikimbia, halafu akarudi, akamuzika kando ya njia peke yake, na mikono, akaleta kofia ili bazazi baamini. Alimupatia Mwalimu kwenye benchi ya parokia.

"Mbona hukuniambia?" yaya akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anauliza mbona hukununua chumvi.

"Nilikuja kukuambia. Nikakukuta unapiga pasi ile shati, uko unaimba. Nikasema, kesho." Alifuta kutu ya kufuli kwa kidole. "Kesho yake nikasema, kesho."

Hapo nikaelewa benchi. Kila asubui alikuwa anaenda kukaa mahali alipopewa ile habari, na malete juu ya magoti, halafu anarudi nyumbani na kravati yake, na mbele yake bibi anasimama kando ya njia kuuliza kofia. Nilikumbuka maji ya kibuyu, mara ine. Nilisikia hasira, aki ya Mungu, nilitaka kumupiga ile malete kwa kichwa. Sikuinuka.

Yaya akachukua kofia. Akaiweka juu ya pua na mudomo, akafunga macho, akakaa hivyo wakati murefu. Jasho ilikuwa ndani. Niliona kwa mabega yake kwamba ilikuwa ndani.

"Nimeuliza batu ya hii kofia miaka tatu," akasema. "Wewe ukiwa pale."

"Ndiyo."

"Ungeniambia wakati ule, Baba Lusenge. Wakati ule nilikuwa na machozi."

Alipiga magoti kwa mukeka, akavika mugomba ile kofia na mukono yake mwenyewe, akaivuta mpaka chini, vile anafanyiaka mutoto kwa baridi. Kasonia akamuuliza kuhusu shati. Akasema ni safi, aende nayo. Balimuvika na shati chini ya kofia, padri akafika saa tano, akasema sala yake, na tukazika. Solange alilia mpaka tukamushika mikono. Mimi nililia. Jamaa, bajirani, bote balilia. Yaya alimwaga udongo na koleo kama mutu anapanda viazi, halafu akaenda kugawia batu chakula, na alikumbuka nani hali chumvi.

Mwalimu alikaa kwa mawe ya lupango, malete wazi mbele yake, mvua inaingia ndani. Hakuna mutu alimukaribia. Mwishowe Solange njo alimupelekea sahani. Solange akamuambia aksanti, baba. Mwalimu alikula na mukono yenye kidole chenye kufungwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya Mungu. Niliamuka na kusikia yaya anavunja makuni. Pasi ilikuwa kwa meza, baridi, makala hakuna. Karibu yake kulikuwa shati ya Mwalimu, ile alilala nayo, yenye makunyanzi kama uso wa bibi kizee. Miaka makumi ine yaya alimupigia pasi shati ya misa. Hata siku ya kuzaa Lusenge alimaliza kola kwanza, tulikuwa tunamuchekea. Mwalimu aliangalia pasi. Aliangalia shati. Akaivaa vile ilikuwa, akafunga kravati juu yake.

Yaya alitoka na kitenge yake nzuri, akapita mbele yangu, akanipatia pasi. Nzito, ingali na majivu ndani.

"Peleka Kipese," akaniambia. "Mimi nimemaliza."

Halafu akaenda kusimama karibu na bwana yake kwa mulango, hakumuangalia, na bakatoka pamoja kwa matope, yeye mbele kidogo, Mwalimu nyuma bila malete. Kulikuwa mutu anatoka upande wa Beni na kinga, bidon mbili za mafuta nyuma. Niliona yaya anasimama, kama kawaida yake. Yule mutu akapunguza mwendo, akangoja aulizwe. Yaya akamusalimia jambo, ile jambo ya asubui tu, na akamuacha apite.